Kivuli na Maji: Habari za Jua la Makka

Mara mbili kila mwaka, katika mji wa Makka, kivuli hutoweka. Tarehe 27 au 28 Mei, na tena tarehe 15 au 16 Julai, muda mfupi baada ya saa sita za mchana, jua hupita juu ya mji huo moja kwa moja, kama taa iliyotundikwa darini. Mtu aliyesimama uwanjani huangalia chini asikione kivuli chake, kwa kuwa kimejikunja chini ya nyayo zake. Wanazuoni wa Kiislamu waliijua siku hiyo tangu zamani, wakaitumia kuhakikisha upande wa kibla. Maana mtu aliye mbali, akilielekea jua dakika ile ile, huwa ameielekea Makka. Lakini kwa mwenyeji wa mji dakika hiyo ina maana nyingine pia. Ni ishara ya kiangazi kikuu, miezi ambayo jua si rafiki, na kivuli ni mali.

Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea kuliona jua juu ya vichwa vyetu katika mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba, wala hatulihesabu kuwa adui. Mawingu hulifunika, mvua huipoza ardhi, na pwani upepo wa bahari huvuma mchana kutwa. Makka haina hata moja katika hayo. Mji huo umo bondeni, kiasi cha mita 300 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na vilima vya mawe matupu ambavyo huzuia upepo. Mvua yake ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 110 tu, haifiki hata sehemu ya tano ya ile inyeshayo Nairobi. Katika Juni na Julai jua hukaa angani muda wa saa kumi na tatu na nusu hivi. Mchana kipimajoto hupanda kwa kawaida hata nyuzi 43 au 44 za Selsiasi, na usiku, wakati ambapo mtu angetumaini kupumzika, hushuka tu karibu na nyuzi 29. Mawe ya vilimani hunywa joto mchana kutwa, na usiku huyarudishia majumba kile yalichokunywa.

Hata hivyo, mji huu mkavu umekuwa ukipokea wageni wengi kila mwaka kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Wengi wao ni wazee, na wengi wametoka katika nchi za baridi au za mvua. Yafaa basi kuuliza: ni nini kilichowahifadhi watu hawa katika hari kama hiyo? Tena yafaa kuuliza swali la pili, lililo zito zaidi: ilikuwaje kwamba mwaka 2024, wakati ambapo elimu ya tiba na ya ujenzi imepita ile ya zama zote zilizotangulia, watu zaidi ya elfu moja na mia tatu walikufa huko katika Hija moja?

Kwanza yatupasa kujua joto linavyomdhuru mtu. Mwili wa mwanadamu umeumbwa kukaa katika joto la nyuzi 37 hivi, iwe kiangazi au masika. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, mwili huitoa hari yake nje pasipo taabu. Lakini hewa ikiwa na nyuzi 44, mambo hugeuka. Hewa na mawe huutia mwili joto badala ya kulipokea. Hapo hubaki mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi huchukua joto na kwenda nalo. Katika hewa kavu ya jangwani hukauka upesi mno hata mtu hulidhani halipo. Mtu wa Mombasa au Lamu, aliyezoea kuona shati lake limelowa, aweza kudanganyika huko kwa urahisi. Hujiona mkavu, akafikiri kwamba hana haja ya maji, kumbe mwili wake unapoteza lita nzima au zaidi kwa saa moja.

Maji yakipungua mwilini, moyo hufanya kazi kwa shida. Mtu huona kiu, kichwa humuuma, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na misuli yake hukakamaa. Hayo ni maonyo. Akiyasikiliza, akakaa kivulini na kunywa maji, kwa kawaida atapona. Akiyapuuza akazidi kwenda, jasho hushindwa na kazi yake, joto la mwili hupita nyuzi 40, na akili huanza kupotea. Huongea maneno yasiyo na maana, huyumba kama mlevi, kisha huanguka. Huu ndio ugonjwa unaoitwa kiharusi cha joto, nao waweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache. Humchukua kwanza mzee, na mwenye maradhi ya moyo au ya sukari. Lakini hata kijana mwenye nguvu hausalimiki naye akijifanya shujaa mbele ya jua.

Baada ya kuujua mwili, tuijue na kalenda. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa sababu hiyo mwezi wa Hija huzunguka katika majira yote, ukayamaliza kwa muda wa miaka thelathini na mitatu. Mtu mmoja aweza kuhiji katika baridi ya Januari, na mwanawe akahiji katika moto wa Julai. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Hija iliangukia Agosti na Julai; ikaja tena Agosti mwaka 2018, ikarudi nyuma hatua kwa hatua hata Juni ya mwaka 2025. Kuanzia mwaka 2026 imeingia katika Mei, nayo itaendelea kuelekea miezi ya baridi. Lakini hesabu haina huruma: katikati ya karne hii itarudi tena katika kiangazi kikuu.

Siku iliyo ngumu kuliko zote ni siku ya Arafa. Uwanda wa Arafa uko mbali na Makka kiasi cha kilomita 20, na mahujaji hukaa huko kuanzia adhuhuri mpaka jua lituwe. Wanaume huvaa shuka mbili zisizoshonwa, wala hawafuniki vichwa vyao kwa kofia au kilemba, ingawa wameruhusiwa kushika mwavuli. Ibada yenyewe, basi, humtoa mtu nje saa ile ile ambayo mwenyeji wa jangwani angejificha ndani. Ndiyo maana historia ya Makka kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliojitahidi kupeleka maji na kivuli mahali pasipokuwa navyo.

Katika watu hao hakuna ambaye jina lake limedumu kama Zubayda. Alikuwa mjukuu wa Khalifa Mansur aliyeujenga mji wa Baghdad, na mke wa Harun al-Rashid aliyetawala tangu mwaka 786 hata 809. Wanahistoria husimulia kwamba alipokwenda kuhiji aliona watu wakiteseka kwa kiu, na kiriba kimoja cha maji kikiuzwa kwa dinari nzima. Akawaita mafundi, akawaagiza wachimbe mfereji wa kuleta maji kutoka mabonde yaliyo nyuma ya Arafa. Mafundi walimwonya kuwa kazi ni ya gharama kubwa, maana njia ni ya miamba mitupu. Husimuliwa kwamba aliwajibu waendelee, hata kama kila pigo la sururu litamgharimu dinari moja. Mfereji ukajengwa kwa mawe, ukafunikwa sehemu kubwa ya njia yake ili jua lisiyanywe maji, nayo maji yakateremka kwa uzito wake yenyewe kupita Arafa na Muzdalifa hata karibu na Makka.

Zubayda hakuishia hapo. Njia ya mahujaji kutoka Kufa, katika nchi ya Iraki, hata Makka ni ndefu, yapata kilomita 1,400, na sehemu yake kubwa ni jangwa. Katika njia hiyo yeye na makhalifa wa zama zake waliweka vituo, wakachimba visima, wakajenga mabirika makubwa ya kukusanya maji ya mvua chache zinyeshazo. Njia hiyo ikaitwa kwa jina lake, Darb Zubayda. Alifariki mwaka 831. Zaidi ya miaka mia tatu na hamsini baadaye Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusi, alipita njia hiyo, akaandika kwamba lau si mabirika na visima hivyo hakuna mtu ambaye angaliweza kusafiri humo.

Msafiri mwingine aliyepita huko ni Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwezi wa Novemba mwaka 1326 aliondoka Makka na msafara mkubwa wa watu wa Iraki. Ijapokuwa hakikuwa kiangazi, habari alizoziandika zatuonyesha jinsi watu wa jangwa walivyojihadhari. Msafara ulikwenda usiku, mienge ikiwashwa mbele ya ngamia hata nchi nzima ikang'aa, ili mchana watu wapate kupumzika. Tena palikuwa na ngamia waliobeba maji kwa ajili ya wasafiri maskini. Ningependa msomaji alishike neno hili la mwisho. Tajiri alikuwa na ngamia wake na viriba vyake. Maskini aliyekwenda kwa miguu hakuwa na kitu. Lakini wakuu wa msafara walijua kwamba yumo safarini pamoja nao, nao wakamhesabia maji yake kabla ya kuondoka.

Mfereji wa Zubayda ulihitaji kutunzwa. Mara nyingi uliharibiwa na mafuriko, au ukazibwa na mchanga, na kila ulipozibika kiu ilirudi mjini. Katika karne ya 16 Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman wa Uturuki, alitoa mali nyingi ili utengenezwe. Katika habari hizi twaona jambo la kufikiri: kazi ya kumkinga mtu na joto haimalizwi siku moja. Aliyejenga huondoka, na akikosekana wa kutengeneza, jua hurudia ufalme wake.

Wenyeji wa Makka nao walikuwa na hekima yao ya kila siku. Walijenga nyumba ndefu za mawe zenye kuta nene, na njia nyembamba katikati yake, ili nyumba moja iitie kivuli nyumba ya pili. Madirishani walitokeza vizimba vya mbao vilivyochongwa, vyenye matundu ya kupitisha upepo na kulizuia jua. Mswisi Johann Ludwig Burckhardt, aliyeuzuru mji huo mwaka 1814, aliyaona madirisha hayo na kuyaeleza. Watu wa Hijazi huliita dirisha la namna hiyo roshan, nasi watu wa pwani twalitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa ndilo roshani yetu. Maji waliyatia katika magudulia ya udongo usiopakwa rangi. Udongo huvuja kidogo kidogo, unyevu ule hukauka nje ya gudulia, na maji ya ndani hupoa, kwa njia ile ile ambayo jasho huipoza ngozi. Usiku walipanda juu ya dari kulala. Na wenye uwezo, kiangazi kilipoanza, walihamia Taif, mji wa milimani ulioinuka karibu sawa na Nairobi, wakakaa huko katika bustani za mizabibu na makomamanga mpaka joto lilipopungua.

Mahujaji wa pwani yetu waliyajua mambo haya kwa kuyaona. Kutoka Lamu, Mombasa na Unguja walisafiri kwa jahazi, na baadaye kwa meli za moshi, hata Jidda, kisha wakafuata njia ya Makka. Safari ilikuwa ndefu, na urefu huo ulikuwa na faida moja iliyofichika: mwili ulipata majuma mengi ya kulizoea joto. Madaktari husema kwamba mtu huhitaji siku kumi hata kumi na nne hivi ili mwili wake ujifunze kutoa jasho vizuri katika hari kubwa. Siku hizi haji huondoka Nairobi asubuhi, na kabla jua halijatua yumo katika nyuzi 42. Ndege imempunguzia taabu nyingi, lakini imemnyima muda wa kuzoea.

Katika karne ya 20 maarifa mapya yalikuja kuongezwa juu ya yale ya kale. Mwaka 1980 wataalamu wawili, Mustafa Khogali na J. S. Weiner, walitangaza njia ya kuwatibu mahujaji walioanguka kwa kiharusi cha joto. Waliona kwamba barafu juu ya ngozi huifunga mishipa midogo ya damu na kumfanya mgonjwa atetemeke, na kutetemeka huzidisha joto la ndani. Kwa hiyo walitengeneza kitanda cha wavu, mgonjwa akalazwa juu yake, akanyunyiziwa maji laini kama ukungu, huku akipulizwa hewa yenye joto. Jambo hili laweza kumshangaza msomaji, kumpulizia hewa ya moto mtu anayekufa kwa moto! Lakini hewa ile huiweka ngozi katika hali ya kuendelea kukausha maji, na maji yakaukapo huondoka na hari. Ni elimu ya gudulia lile lile, iliyohamishwa kutoka jikoni kwenda hospitalini.

Katika uwanda wa Arafa ilipandwa miti kiasi cha elfu hamsini ya mwarobaini, mti tunaoujua vema sisi kwa majani yake machungu na kivuli chake kizito. Mti huo huvumilia ukame, nao sasa huwafunika watu mahali ambapo babu zao hawakuwa na kitu ila mwamba na anga. Nguzo ziliwekwa za kunyunyiza maji hewani. Uwanja uizungukao Kaaba ulitandikwa marumaru nyeupe kutoka kisiwa cha Thassos katika Ugiriki, ambayo hulirudisha jua badala ya kulimeza, hata mtu aweza kuikanyaga bila viatu. Na huko Mina, baada ya moto wa Aprili mwaka 1997 uliowaua watu 343, yalijengwa mahema mapya yasiyoshika moto, yenye mashine za kupoza hewa.

Kazi hiyo haikuwa bure. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 uliyapima mambo ya miaka arubaini. Ulionyesha kwamba joto la Makka limekuwa likipanda kwa kiasi cha nyuzi 0.4 kila miaka kumi. Hata hivyo, wagonjwa wa kiharusi cha joto katika Hija walipungua kwa karibu robo tatu, na vifo vyake kwa karibu nusu. Jua lilizidi, na madhara yake yakapungua. Mtu angeweza kusema kwamba vita vimeshindwa na wanadamu wametua mzigo.

Lakini mwezi wa Juni wa mwaka ule ule, Hija ilipofika, mahujaji walikuwa zaidi ya milioni moja na laki nane. Tarehe 17 Juni kipimajoto katika Msikiti Mtukufu kilionyesha nyuzi 51.8. Hija ilipokwisha, serikali ya Saudia ilitangaza kwamba watu 1,301 wamekufa. Wengi wao walikuwa Wamisri. Na katika kila mia ya waliokufa, themanini na watatu walikuwa watu wasiokuwa na ruhusa rasmi ya kuhiji. Walikuwa wamesafiri kwa hati za kuzuru tu, kwa sababu njia iliyo rasmi ni ghali na nafasi zake ni chache. Wengine walikuwa wamedanganywa na wauzaji wa safari. Serikali ya Misri ilifuta leseni za makampuni 16 kwa ajili ya jambo hilo.

Tutazame maana yake. Mahema yenye kupozwa yalikuwapo Mina, lakini waliohesabiwa nafasi humo ni wenye ruhusa. Magari ya kuwapeleka watu Arafa yalikuwapo, lakini asiye na ruhusa hakuwa na kiti ndani yake. Basi watu hao, wengi wao wakiwa wazee, walitembea mwendo mrefu juani pasipo mahali pa kupumzikia. Jua lilikuwa moja juu ya wote. Aliyekuwa ndani ya hema alitoka salama, na aliyekuwa nje ya ua alianguka njiani.

Si haki kusema kwamba lawama yote ni ya upande mmoja. Serikali huweka hesabu ya mahujaji kwa sababu nzuri. Msongamano nao huua, na mtu asiyejulikana ni vigumu kumwandalia maji. Aliyekwenda bila ruhusa alijitia katika hatari, na aliyemwuzia safari ya uongo alimtia katika hatari kubwa zaidi. Mwaka uliofuata serikali iliongeza vivuli na mitambo ya kupoza hewa, na pia ikawazuia kwa ukali zaidi wasio na ruhusa. Lakini historia yatupa kipimo cha kale cha kupimia mambo haya. Zubayda hakuuliza ni nani atakayekunywa katika birika lake. Na wakuu wa ule msafara wa mwaka 1326 walijua kwamba hakuna safari isiyokuwa na maskini anayefuata nyuma kwa miguu, wakampakilia maji. Kinga ya joto huhesabiwa kamili inapomfikia yule wa mwisho katika msafara, na hapo ndipo ile ya mwaka 2024 iliposhindwa.

Wanafunzi watakaosoma insha hii watakuwa watu wazima Hija itakaporudi katika Julai, na dunia wakati huo huenda ikawa na joto kuliko sasa. Baadhi yao watakwenda wenyewe, au watawapeleka wazazi wao. Wengine watakuwa wauguzi, mafundi, madereva na viongozi wa misafara. Tena hatuna haja ya kwenda Arabuni kulitafuta jua kali. Watu wa Lodwar, Wajir na Mandera wanalijua. Kwa hiyo ni vema kila mmoja aweke moyoni mambo machache ambayo jangwa limeyafundisha kwa gharama kubwa.

Mtu anywe maji kabla ya kuona kiu, kidogo kidogo na mara kwa mara, maana kiu ni mjumbe achelewaye. Kazi nzito aifanye alfajiri au jioni, na kuanzia saa tano hata saa kumi akae kivulini akiweza. Avae nguo nyepesi, pana na za rangi nyeupe. Na akiwa na mwavuli asione haya kuufungua. Anapofika katika nchi ya joto, siku za kwanza asijilazimishe. Asimwache mzee aende peke yake. Na akimwona mtu anayumba au anaongea ovyo juani, asimdhanie mlevi wala mwenda wazimu. Amwondoe juani upesi, ampunguzie nguo, ammwagie maji mwilini na kumpepea kwa chochote kilicho karibu, huku mwingine akikimbia kuita msaada. Ikiwa amezimia asimtie maji kinywani, maana yatampalia. Katika ugonjwa huu dakika ni uhai.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Watu wengi huyachukua maneno hayo kuwa ya mtu na nafsi yake, kila mmoja ajihadhari na lake. Habari za Makka zatuonyesha kwamba joto halishindwi hivyo. Mtu aweza kubeba chupa yake ya maji, lakini hawezi kubeba mfereji. Aweza kushika mwavuli wake, lakini hawezi peke yake kupanda miarobaini elfu hamsini. Mambo hayo hufanywa na watu wengi kwa ajili ya watu wengi, na mara nyingi kwa ajili ya wageni ambao hawatajua ni nani aliyewafanyia. Itakapokuja tena ile adhuhuri ya Julai ambayo kivuli hutoweka Makka, jua litapita juu ya kichwa cha kila mtu aliye bondeni humo, mwenye ruhusa na asiye nayo. Kivuli kitakuwapo kwa kadiri watu walivyokiandaa, na kitamfunika yule ambaye watu wamekubali kumhesabu.